Wakati wa Kila Picha

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa dukani, palipo na deni na mizani, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa mali iliyokusudiwa ni fedha, ng'ombe na nafaka tu. Lakini iko mali nyingine isiyoshikika kwa mkono wala kupimika kwa pishi, nayo ni wakati. Fedha iliyopotea yaweza kuchumwa tena, na ng'ombe aliyekufa huenda akazaliwa mwingine mahali pake; dakika iliyopita haina ndugu wala pacha. Ikiwa mali ndogo yastahili daftari, mali hii yastahili daftari zaidi. Mafundi wa picha za video wanalo daftari la namna hiyo. Ni faili dogo la maandishi, lisilo na pambo lolote, lenye tarakimu tupu zisemazo kila picha ionekane wakati gani. Katika nyumba moja ya Shinyanga faili kama hilo liliamua neno la maana kuliko lile alilolidhani mtu aliyelibuni.

Kati ya Shinyanga na Geita pana njia iliyozoea nyayo za vijana. Shinyanga ina ng'ombe, pamba na mpunga, na ina almasi ya Mwadui, ambayo John Williamson aliivumbua mwaka 1940. Geita ina dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hata ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa siku hizi ulifunguliwa mwaka 2000. Mkoa wa Geita wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, na sehemu zake nyingine, kama Bukombe, zilikuwa za Mkoa wa Shinyanga kabla ya hapo. Kwa hivyo mpaka uko katika ramani kuliko ulivyo katika nyoyo za watu. Mvua inapokuwa haba na pamba inapokosa bei, kijana wa Shinyanga hufunga nguo zake mbili akaenda kujaribu bahati yake katika mashimo ya wachimbaji wadogo. Wengine hurudi na mabati ya kuezekea nyumba; wengine hurudi mikono mitupu; na wengine hawarudi.

Kijana mmoja alikwenda hivyo, akakaa miaka mitatu. Hakuwa hodari wa kuandika barua, lakini alikuwa na simu yenye kupiga picha. Jioni moja alimwomba mwenzake amshikie simu hiyo, akasema maneno ya dakika 4 kwa mama yake. Alianza nje, karibu na mdomo wa shimo, jua likiwa halijazama bado. Baada ya dakika 1 upepo ulivuma kwa nguvu, wakaingia chini ya turubai, na huko aliendelea kusema kwa nuru ya tochi iliyofungwa kichwani pa mwenzake. Nyuma yake mtu alikuwa ameketi akiponda mawe kwa nyundo, wala hakuacha kazi yake kwa ajili ya mazungumzo. Kijana aliinakili video ile katika kadi ndogo, akamkabidhi mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Mtu huyo alikawia njiani. Mvua za mwanzo wa mwaka ziliwahi kufika kabla yake. Ukuta wa shimo ukaanguka. Wawili wakaokolewa na yule kijana hakuokolewa. Kadi ilifika baada ya matanga. Barua ya mtu aliye hai ilipokewa na mikono iliyokwisha kumzika.

Katika video ile kijana alimwamkia mama yake kwa desturi ya Kisukuma, akisema, "Mwadila, mayu." Alieleza habari za kazi na afya. Mwisho alisema jambo zito. Ng'ombe wanne aliowanunua kwa fedha ya dhahabu, waliokuwa katika zizi la baba yake mdogo, aliwaweka kwa ajili ya masomo ya dada yake mdogo. Baba mdogo kwa upande wake alikuwa akisema kuwa ng'ombe wale alipewa yeye, kwa kulipa deni la siku za nyuma. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyekumbuka jambo kwa namna iliyomfaa, kama binadamu wengi wakumbukavyo.

Video ilikuwa na giza. Katika simu uso ulionekana kwa shida, na katika televisheni haukuonekana kabisa ila kama kivuli kilicho mbele ya kivuli. Mama aliipeleka kwa fundi mmoja mjini, mwenye kibanda cha kuchaji simu, kunakili filamu na kutengeneza video za harusi. Fundi aliifumua ile video ikawa picha moja moja, akaitia kila picha nuru, kisha akaziunga tena, akaweka na ile sauti yake. Alipoziunga kompyuta ilimwuliza picha ngapi zipite katika sekunde moja. Akajibu 30, kwa maana simu ile ilitangazwa kuwa hupiga picha 30 kwa sekunde. Hakuona haja ya kuuliza zaidi.

Wazee wa ukoo waliitwa, wakaketi mbele ya televisheni. Kwa dakika ya kwanza mambo yalikuwa mazuri, na mama alilia machozi ya mtu aliyerudishiwa kitu. Kisha mdomo ulianza kuikimbia sauti. Kijana alionekana akifunga kinywa huku maneno yakiendelea. Alionekana akicheka mahali ambapo sauti ilikuwa ikisema habari ya ugonjwa. Ilipofika dakika ya 3 picha zilikwisha kabisa. Kioo kilikuwa cheusi, na katika weusi ule sauti ilisema kwa dakika nzima, na ndiyo dakika iliyotaja ng'ombe.

Baba mdogo alisimama akasema, "Mdomo huu si wa sauti hii. Siku hizi mwenye kompyuta aweza kumfanya maiti aseme alitakalo mwenye fedha." Maneno hayo hayakuwa ya kipumbavu. Ulimwengu umekwisha kuona nyuso za watu zikivishwa maneno ambayo hawakuyasema, na mzee aliyelisikia jambo hilo ana haki ya kutia shaka. Mama hakujua la kujibu. Alisema tu, "Sauti ni yake na uso ni wake, lakini vimetengana kama watu waliogombana."

Ili kuufahamu ugomvi ule yapasa kufahamu kwanza kuwa video haina mwendo. Ni mkusanyo wa picha zilizosimama, ambazo mafundi huziita fremu, zinazopita mbele ya jicho upesi kiasi cha kulidanganya. Picha moja ya kijana ina mdomo uliofumba, ya pili ina mdomo uliofumbuka kidogo, ya tatu zaidi, na jicho huziunga likasema kuwa mtu anasema. Kwa hivyo katika kila video mna mambo mawili: picha yenyewe, na wakati wake wa kuonekana. La kwanza watu wote huliona. La pili halionekani ila linapokosewa.

Kasi ya picha hizo ni mapatano ya watu wala si amri ya maumbile. Zamani za filamu zisizosema, mpiga picha aliuzungusha mpini kwa mkono, na kasi ilifuata mkono wake. Filamu zilipoanza kutoa sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, ililazimu mwendo uwe mmoja, kwa maana sikio halisamehe kama jicho. Wakapatana picha 24 kwa sekunde. Televisheni za Unguja, zilizoanza katika miaka ya 1970, na za Bara, zilizoanza mwaka 1994, zilifuata mtindo wa picha 25. Marekani walikuwa na 30, na televisheni ya rangi ilipoingia mwaka 1953 zikapunguzwa kidogo zikawa 29.97. Upungufu huo ni mdogo hata mtu aweza kuucheka. Lakini video ya saa moja yenye picha 29.97 kwa sekunde ikihesabiwa kuwa na 30, itaachana na sauti yake kwa sekunde 3.6. Kosa la wakati halikai mahali pamoja. Hukua kila sekunde kama riba ya deni.

Tatizo hili si geni katika nchi hii. Mnamo miaka ya 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, likiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zao zilikuwa bubu, na sauti zilitiwa katika sahani za santuri, kwa kuwa kila nchi ilihitaji lugha yake na ilikuwa rahisi kubadili sahani kuliko kubadili filamu. Picha zilipita katika mashine moja na maneno yalitoka katika nyingine, na ustadi wote wa mwonyeshaji ulikuwa kuzifanya mashine hizo mbili ziende kama moja. Sindano iliporuka mfuo mmoja wa santuri, mhadhiri alisema habari ya shamba huku watazamaji wakiona habari ya choo. Kijana wa Geita na fundi wa Shinyanga hawakuwa wa kwanza kupatwa na mambo haya.

Yaweza kuulizwa mbona watu hawakulalamika katika mabanda ya video, ambako filamu za kigeni zilisimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, na sauti ya msimulizi haikulingana hata kidogo na midomo ya wachezaji. Jibu ni kuwa msimulizi hakudai kuwa yeye ndiye mdomo ule. Alisimama kando ya picha kama mkalimani asimamavyo kando ya mgeni, na kila mtu alijua nani ni nani. Tofauti kati ya sauti na mdomo huwa kosa pale tu ambapo sauti yadai kuwa imetoka katika mdomo huo. Katika video ya marehemu dai hilo ndilo lililokuwa kila kitu.

Usiku ule fundi hakulala vizuri. Aliposikia kuwa ameitwa mwongo hakukasirika kwanza. Alihesabu kwanza, na hiyo ni tabia njema katika kazi yoyote. Aliona kuwa video ya asili katika kadi ilikuwa na dakika 4 kamili, na picha zake zilikuwa 5,400. Kama zingalikuwa 30 kwa kila sekunde, zingalipasa kuwa 7,200. Basi picha 1,800 zilikuwa wapi? Hazikupotea, hazikupigwa kamwe. Simu si mtambo wa ukaidi. Penye nuru hupiga picha upesi. Penye giza kila picha huhitaji kulifumbua jicho la simu kwa muda mrefu zaidi ili nuru ipate kutosha, na kwa hivyo picha huwa chache. Dakika ya kwanza, kijana alipokuwa juani, simu ilipiga picha 1,800, yaani 30 kwa sekunde. Dakika tatu zilizofuata, chini ya turubai, ilipiga picha 3,600, yaani kama 20 kwa sekunde. Sauti haikupungua hata chembe, kwa sababu sauti haihitaji nuru. Fundi alipozigawia picha zote kasi ya 30, zile 5,400 zilikwisha katika dakika 3, na maneno ya dakika ya 4 yakabaki yatima.

Fundi alijaribu dawa iliyo karibu. Aligawanya picha 5,400 kwa sekunde 240 akapata 22.5, akaziunga upya kwa kasi hiyo. Mwanzo ulilingana na mwisho ukalingana, naye akafurahi. Alipotazama katikati furaha ilimwishia. Picha ya mwisho ya dakika ya kwanza ilikuwa ikionekana katika sekunde ya 80 badala ya sekunde ya 60. Kijana alikuwa angali juani wakati sauti yake ilikwisha kuingia chini ya turubai. Wastani umenyoosha ncha mbili ukapotosha shina. Huo ndio udhaifu wa wastani popote utumikapo. Huwatendea sawa wasio sawa, kisha husifiwa kwa haki kwa kuwa jumla yake ni sahihi. Wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja hawagawani wakati kwa wastani. Kila mchi hushuka zamu yake, na mmoja ukikosea, michi hugongana na mikono huumia.

Ndipo fundi alipokumbuka faili la nyakati. Katika mafaili ya video yako yaliyotungwa kwa imani kuwa picha zote ni sawa. Namna ya AVI, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1992, huandika kasi moja mwanzoni na kuiamini hata mwisho. Yako mengine ambayo huipa kila picha wakati wake. Matroska, iliyoanza mwaka 2002 na kupewa jina litokanalo na wanasesere wa Kirusi wakaao mmoja ndani ya mwingine, ni mojawapo. Katika kutengeneza video za Matroska wengi hutumia programu za bure ziitwazo MKVToolNix, kazi ya Moritz Bunkus wa Ujerumani, na programu hizo hukubali kupewa faili la maandishi lenye kueleza nyakati za picha. Faili hilo laweza kuandikwa kwa namna kadhaa, na namna mbili za kwanza zatosha kueleza maana yake.

Namna ya kwanza huanza kwa dhana. Msitari mmoja hutaja kasi itakayodhaniwa kuwa ya picha zote, na misitari inayofuata hutaja zile zisizoifuata: nambari ya picha ya kwanza, nambari ya picha ya mwisho, na kasi yao. Kwa video ya kijana yule, dhana ingalikuwa 30, na msitari wa kuitengua ungalisema 1800,5399,20, kwa kuwa hesabu ya picha huanza na sifuri. Ni namna fupi na yenye adabu. Hukiri kuwa kanuni ina watu wasioikubali, ikawaandikia mahali pao.

Namna ya pili haidhani lolote. Kila picha hupewa msitari wake, na katika msitari huo huandikwa wakati wake tangu mwanzo, kwa hesabu ya sehemu za elfu za sekunde. Picha ya kwanza ni 0, ya pili ni 33.333, ya tatu ni 66.667, ya nne ni 100, na kuendelea hivyo. Picha 5,400 zataka misitari 5,400. Ni kazi ya kuchosha kwa mkono, lakini kompyuta haichoki, na yaweza kuzitoa nyakati hizo katika video ya asili kama karani anakilivyo daftari la zamani.

Hapa lugha ya Kiswahili husaidia fikira. Waswahili hawalingani na wale wanaochanganya muda na wakati kwa neno moja. Muda ni urefu: mtu hukaa kwa muda. Wakati ni mahali katika safari ya siku: jambo hutokea kwa wakati wake. Faili la namna ya kwanza hutunza muda, na kutoka katika muda hukisia wakati. Faili la namna ya pili hutunza wakati wenyewe. Mwenye kutunza muda peke yake aweza kukosea kidogo kila hatua na kufika mbali na njia. Mwenye kutunza wakati akikosea msitari mmoja, msitari unaofuata humrudisha. Dhahabu hushikwa kwa hekima iyo hiyo. Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hapana aulizaye kipande cha dhahabu huwa na uzito gani kwa kawaida. Kila kipande hupanda katika mizani, kidogo kwa kikubwa, na uzito wake ukaandikwa.

Fundi alipozitoa nyakati katika kadi aliona jambo ambalo hesabu yake haikumwonyesha. Chini ya turubai picha hazikuwa na mwendo mmoja hata huko. Ile tochi ilipoelekea usoni, zilikaribiana. Mwenzake alipogeuza kichwa, zilitengana. Mahali pamoja misitari ilisema 60050, 60098, 60152. Ishirini kwa sekunde lilikuwa neno la jumla tu. Msitari ule mmoja wa namna ya kwanza ungalikuwa bora kuliko wastani, lakini ungalikuwa bado ni dhana. Kwa hiyo alichukua daftari zima la namna ya pili, akaziunga picha zake zenye nuru kwa nyakati zile, kila picha na wakati wake.

Wazee walirudi. Safari hii baba mdogo alikuja na swali, na lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Alilitazama lile faili katika kompyuta, tarakimu juu ya tarakimu, akauliza, "Kijana, nani aliyeandika haya? Si wewe?"

Fundi alijibu, "Hapana, mzee. Simu ya marehemu iliyaandika siku ile ile, mimi nimenakili. Kadi yenyewe ni hii, sikuigusa. Mwiteni fundi mwingine, hata wa Kahama au Mwanza, ainakili mbele yenu. Zisipolingana, mniite mwongo mara ya pili."

Jibu hilo lina elimu kubwa kuliko lionekanavyo. Faili la maandishi laweza kubadilishwa na yeyote mwenye kujua kuandika; hilo ni udhaifu wake. Lakini pia laweza kusomwa na yeyote mwenye kujua kusoma, na kulinganishwa na asili yake msitari kwa msitari. Na hiyo ndiyo nguvu yake. Faili lisilosomeka ila na mtambo mmoja humtaka mtu aamini. Faili la maandishi humtaka mtu ahakikishe. Wala halidai zaidi ya haki yake. Halikusema kuwa maneno ya kijana yalikuwa kweli, wala halikuwajua ng'ombe. Lilisema tu kuwa picha hii ilipigwa wakati huu, na hii wakati huu. Mengine yalibaki kazi ya wazee.

Video ikaonyeshwa. Waliosadikisha watu hawakuwa fundi wala tarakimu zake. Alikuwa yule mtu wa nyuma aliyekuwa akiponda mawe. Mara ya kwanza nyundo yake ilipiga bila mlio na mlio ukatoka bila nyundo, lakini hapana aliyemwangalia. Sasa kila iliposhuka, sauti ya jiwe ilisikika papo hapo, katika jua na chini ya turubai, tangu mwanzo hata mwisho. Baba mdogo katika ujana wake alikuwa mchezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ambamo jembe hurushwa na kudakwa kwa pigo la ngoma, na anayekosea pigo hukosa jembe. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kama pigo limelingana na mlio. Aliitazama ile nyundo zaidi kuliko alivyoutazama uso wa mtoto wa ndugu yake. Ilipofika dakika ya 4, kijana alionekana wazi, mdomo na sauti vikiwa kitu kimoja, akiwataja ng'ombe wanne kwa rangi zao na kumtaja dada yake kwa jina.

Kulikuwa kimya. Baba mdogo hakusema kuwa alisema uongo, na wazee hawakumlazimisha kusema. Alisema, "Nyundo ni kweli." Kisha baada ya kitambo akaongeza, "Ng'ombe wachukuliwe. Deni langu nilikuwa nalo kwa baba yake, si kwake." Wazee waliona kuwa maneno hayo yametosha. Haki iliyopatikana bila kumvunjia mtu heshima hudumu kuliko ile inayomwacha mtu akitafuta kisasi.

Mama alibaki baada ya watu kuondoka. Alimwuliza fundi zile tarakimu zilikuwa za nini. Fundi alimweleza kwa kadiri alivyoweza, kuwa kila msitari ni picha moja ya mwanawe na wakati alipokuwa mbele ya simu. Mama hakuwa amesoma, lakini aliuliza swali ambalo wasomi wachache wangaliuliza, "Mwanangu, ni wapi hapo anaponiita?"

Fundi alisikiliza tena ile sauti mwanzoni, akatafuta, akamwonyesha. Ilikuwa misitari kumi na mitano hivi, yapata nusu sekunde, katika sekunde ya 2 ya dakika ya kwanza, kijana alipokuwa bado juani. Mama aliweka kidole chake juu ya kioo cha kompyuta, akakishusha polepole kutoka msitari wa juu hadi wa chini, kama mtu asomaye. Fundi alingoja, wala hakuuzima mtambo wake mpaka mama mwenyewe alipoondoa mkono.